Ripresa: Protini inayoamua lini bakteria awe sugu kwa dawa

KATIKA maduka ya dawa za binadamu na ya pembejeo za mifugo yaliyopo Kariakoo, Dar es Salaam, tetrasaiklini si jina geni. Dawa za kundi hilo hutibu watu, na kuku pia. Hata hivyo, baadhi ya bakteria wana kinga dhidi yake, ambayo huitumia pale tu dawa inapowafikia.

Kinga hiyo husimamiwa na ripresa, yaani protini inayojishikiza kwenye vinasaba na kuzuia jeni fulani isifanye kazi. Utaratibu huo ulielezwa mwaka 1961 na wanasayansi wa Ufaransa, François Jacob na Jacques Monod. Mwaka 1965 walitunukiwa Tuzo ya Nobel pamoja na mwenzao, André Lwoff.

Ripresa ya tetrasaiklini huitwa TetR. Dawa isipokuwapo, TetR huizuia jeni ya pampu iitwayo TetA, kwa kuwa kutengeneza pampu bila haja humdhoofisha bakteria. Dawa ikiingia, hujishikiza kwenye TetR, nayo TetR huachia vinasaba. Pampu hutengenezwa na kuitoa dawa nje. Hata kiasi kidogo cha dawa, kisichotosha kumwangamiza bakteria, hutosha kuiamsha kinga hiyo.

Hatari nyingine hutokea ripresa yenyewe inapoharibika. Kwa bakteria wa kisonono, mabadiliko katika jeni ya ripresa MtrR huongeza pampu zinazotoa dawa za aina mbalimbali, zikiwamo penisilini na azithromaisini.

Aidha, jeni za usugu huweza kuhama kutoka bakteria mmoja hadi mwingine. Mto Msimbazi, unaopita Jangwani jirani na Kariakoo, hupokea majitaka ya mji, na mazingira ya aina hiyo huwakutanisha bakteria waliotoka kwa watu na kwa mifugo.

Madhara yake yameonekana wodini. Utafiti uliofanyika katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili na kuchapishwa mwaka 2007 ulionyesha kuwa watoto wenye maambukizi ya damu yaliyotokana na bakteria sugu walikabiliwa na hatari kubwa zaidi ya kufariki dunia.

Tanzania iliandaa mpango wa kitaifa wa kupambana na usugu wa dawa wa mwaka 2017 hadi 2022, ukafuatiwa na wa 2023 hadi 2028. Kwa mwananchi, ushauri ni kutonunua viuavijasumu bila cheti cha daktari, kutumia dozi kama ilivyoelekezwa, na kutowapa mifugo dawa bila maelekezo ya mtaalamu.