Udongo wa Ituri na karatasi ya Serkali

Watu wengi wanasema kwamba vita iliyowaka kwetu Ituri mwaka 1999 ilikuwa vita ya makabila, Wahema na Walendu, basi. Neno hilo si uongo, lakini halitoshi. Tutafute mzizi mmoja katika sheria za inchi.

Tarehe 1 Julai 1885, Serkali ya Mfalme Leopold II ilitangaza kwamba kila udongo usio na mwenyewe ni mali ya Serkali. Nani aliamua kama udongo una mwenyewe? Serkali yenyewe. Shamba linalopumzika, malisho ya ng'ombe, pori la kuwinda: wazee walijua ni la ukoo gani, lakini machoni pa wakoloni halikuwa la mtu. Hivyo Wazungu walipata mashamba makubwa katika milima ya Djugu.

Mwaka 1960 bendera ilibadilika, lakini wazo lile lilibaki. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 ilifanya udongo wote kuwa mali ya Serkali. Juu ya udongo wa vijiji, kifungu cha 389 kiliahidi agizo la Rais. Miaka ikapita, vita ikafika, agizo halijatoka. Mwaka ule ule, tarehe 30 Novemba, Mobutu alitangaza kwamba mali ya wageni ipewe wananchi. Kwetu, wengi waliopata mashamba hayo walikuwa Wahema wenye masomo, maana wakoloni waliwatanguliza katika shule na kazi. Tena, cheti cha udongo kikipita miaka miwili bila kushitakiwa, hakivunjiki. Mkulima asiyepata habari atashitaki namna gani? Katika sekta ya Walendu Pitsi, ugomvi juu ya mashamba ya namna hii ndio uliowasha moto wa 1999. Makumi ya maelfu ya watu walikufa.

Hatuhukumu kabila. Wahema wengi maskini hawakupata hata kipande cha shamba, nao pia waliuawa.

Nabothi alipoteza uhai na urithi wa baba zake kwa barua zenye muhuri wa mfalme. Muhuri ulikuwa wa kweli, haki haikuwamo. Basi sisi mapadri, tunaobatiza watoto wa pande zote mbili, tusihubiri amani kwa maneno matupu. Tuwafundishe Wakristu sheria ya udongo, tuwakalishe wazee wa pande zote pamoja waandike mipaka yao, na mtu akitaka cheti, kijiji kizima kijue kabla miaka miwili haijaisha.