Karatasi za Babu na Bei Yake

  Leo mwalimu wenu ataandika ubaoni maneno matatu: nasaba, hati, ada. Nasaba ni mfuatano wa wazee wako, kutoka baba na mama kwenda nyuma. Hati ni karatasi inayotunzwa kama ushahidi. Ada ni fedha unayolipa ofisini ili upewe kitu au ufanyiwe kazi. Yasomeni mara mbili, kisha tuendelee.

Kwetu, mtu akitaka kujua nasaba yake huenda kwa bibi, akaketi mkekani, akauliza. Hulipa nini? Pengine hupeleka kilo ya sukari, nayo ni heshima tu, si ada.

Sasa twende Marekani. Watu wengi wa nchi ile ni wajukuu na vitukuu vya wageni waliofika kwa meli. Babu amekwisha kufa, na alipokuwa hai labda hakupenda kusema habari za kwao. Mjukuu hana mtu wa kumwuliza. Kilichobaki ni karatasi.

Tuchukue mfano wa mtu aliyetoka Italia akashuka New York mwaka 1910. Alipotaka kuwa raia, alikwenda mahakamani kuandikisha nia yake. Karani aliandika umri wake, kazi yake, kimo chake, rangi ya nywele zake, mahali alipozaliwa na jina la meli iliyomleta. Tangu mwaka 1929 hata picha ya uso ilibandikwa. Sheria ya mwaka 1906 iliagiza nakala ipelekwe Washington. Kisha mwaka 1940 ikatoka sheria nyingine: kila mgeni asiye raia, mwenye miaka 14 au zaidi, aandikishwe na kupigwa alama za vidole. Hadi mwaka 1944 watu zaidi ya milioni 5 walikuwa wameandikwa. Fikirini jambo hili. Mgeni maskini aliyeishi na kufa bila kuwa raia, pengine hakuacha karatasi nyingine yenye habari nyingi kama hiyo.

Hati hizo nyingi zimo mikononi mwa idara ya serikali inayoshughulikia uraia na uhamiaji. Mwaka 2008 idara hiyo ilianza kazi maalumu ya kuwatafutia watu hati za wazee wao. Ada ni mara mbili. Kwanza unalipia kutafutiwa jina na namba ya jalada. Jina lisipoonekana, fedha yako hairudi. Likionekana, huenda ukalipa tena upewe nakala.

Mwanzoni kutafutiwa kulikuwa dola 20, na nakala dola 20 au 35. Mwishoni mwa mwaka 2016 kila hatua ikawa dola 65. Watu wakanung'unika, wakalipa. Lakini Novemba 2019 serikali ilitangaza kwamba inakusudia kutoza dola 240 kwa kutafuta na dola 385 kwa nakala. Jumlisheni wenyewe katika madaftari yenu. Ni dola 625 kwa karatasi za babu mmoja, na mtu ana babu wawili na bibi wawili!

Tuwe waadilifu: idara ile huendeshwa zaidi kwa ada kuliko kwa kodi. Ikamwambia mtafutaji, gharama ya kukutafutia ibebe wewe. Hoja hiyo ina uzito wake. Hata hivyo, mimi naona babu yule alikwisha kulipa ada siku alipoomba uraia, na habari zilizoandikwa ni zake.

Watafutaji wa nasaba waliandika barua nyingi za kupinga. Agosti 2020 bei ilipunguzwa kidogo: dola 160 kutafuta, dola 255 nakala, kwa wanaoomba kwa mtandao. Ingeanza tarehe 2 Oktoba. Siku tatu kabla, jaji wa California aliizuia. Kesi yenyewe ililetwa na vyama vya kuwasaidia wahamiaji, nayo ilihusu ada zote za idara, hasa za watu walio hai wanaoomba uraia. Wenye kutafuta wazee waliokufa waliponea humo humo.

Mwaka 1921 moto ulizuka Washington ukaharibu sehemu kubwa ya karatasi za hesabu ya watu ya mwaka 1890. Hakuna fedha inayoweza kuzirudisha. Hati za wahamiaji hazikuungua, zipo rafuni. Lakini kwa mtu anayehesabu senti za chakula, hati ya dola 625 ingekuwa mbali karibu sawa na ile iliyoungua.

Tarehe 1 Aprili 2024 ada mpya zilianza. Anayeomba kwa mtandao alitakiwa kulipa dola 30 kwa kila hatua, chini ya zamani. Anayeandika ombi lake kwenye karatasi na kulitia katika bahasha, dola 80.