Alama Mbili za Mwezi

Mama wa yule mtoto alibisha mlango wangu Jumamosi, saa tatu asubuhi, karatasi ya mtihani mkononi. Hakutaka kuketi. "Tichaa," akaniambia, na siku hiyo neno lenyewe lilikuwa na chumvi kidogo, "mimi nakulipa mia mbili kila somo. Sasa hii ni nini?"

Swali lilikuwa hili: kwa nini mwezi huonekana ukibadilika umbo? Mtoto, aliye Gredi ya Sita, alikuwa ameandika kwamba jua linamulika nusu ya mwezi kila wakati, na sisi tunaona sehemu kubwa au ndogo ya hiyo nusu mwezi unapoizunguka dunia. Kalamu nyekundu ilikuwa imelikata jibu hilo kwa mstari mmoja. Pembeni imeandikwa: kivuli cha dunia. Alama mbili zimeenda.

Ningependa kukwambia nilikasirika. Ukweli ni kwamba niliona aibu, maana wiki mbili kabla ya hapo mimi mwenyewe ndiye nilimfundisha mtoto huyo jibu la kalamu nyekundu.

Nieleze. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo iliponishinda. Nilikuwa nasomea ualimu wa historia na dini. Siku hizi naandika nikipata wa kuniandikisha, na jioni nafundisha watoto wa ploti yetu, Githurai. Sayansi naifundisha kwa sababu kodi haiulizi ulisomea nini. Hicho kivuli cha dunia nilikipata darasani nikiwa mdogo, nikakibeba zaidi ya miaka kumi bila kukiangalia mara mbili. Nikakitoa vile vile kilivyoingia.

Mtoto alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema: "Lakini tichaa, jana jioni nilikuwa juu naanua nguo. Jua lilikuwa huku, mwezi uko kule, nusu. Na kivuli changu kilikuwa pale chini, hakikuwa kinaenda kwa mwezi. Sasa cha dunia kilifikaje?"

Nikamwambia tutalirudia swali hilo somo lijalo. Wewe ambaye umewahi kufundisha unajua maana yake.

Nilipofikiria vizuri usiku huo, niliona kwamba msichana wa miaka kumi na moja, ndoo ya nguo mkononi, alikuwa amemaliza kesi. Kivuli cha dunia hutupwa upande ule ambao jua haliko, daima. Ili kiufikie mwezi, lazima mwezi uwe mkabala kabisa na jua, dunia ikiwa katikati. Lakini mwezi ukiwa mkabala na jua, huo ni mwezi mpevu! Yaani kivuli chetu hakiwezi kugusa nusu mwezi, wala hilali. Kinaweza kugusa mwezi mpevu peke yake, na kikiugusa tunaita kupatwa kwa mwezi, jambo la saa chache tu. Hata hilo halitokei kila mwezi, kwa sababu njia ya mwezi imeinama kiasi cha nyuzi 5 hivi, na mara nyingi mwezi hupita juu au chini ya kivuli.

Kinachobaki ni jibu la mtoto. Nusu ya mwezi ina mchana muda wote. Mwezi ukiwa upande wa jua, mchana wake umetupa kisogo na hatuuoni. Siku mbili hivi baadaye tunaona ukingo mwembamba. Baada ya wiki kama moja tunaona nusu, halafu mwezi mzima, halafu tunarudi tulikotoka. Mzunguko huo wa maumbo ni siku 29 na nusu.

Basi nikarudi kwa kitu ninachokielewa, historia. Nilitaka kujua ni nani aliyekuwa wa kwanza kuyasema haya na watu walimfanyia nini.

Jina linalotajwa zaidi ni Anaxagoras. Alizaliwa karibu mwaka 500 KK huko Clazomenae, mji wa Wagiriki kwenye pwani ambayo leo ni Uturuki, akahamia Athens na kuwa rafiki wa Pericles, mkubwa wa siasa wa mji huo. Alifundisha kwamba jua ni jiwe linalowaka, kubwa kuliko Peloponnese, ile rasi ya kusini ya Ugiriki. Leo tunajua alilipunja jua vibaya sana, lakini hebu fikiria mtu anayesimama mbele ya watu wanaoliabudu na kuwaambia ni jiwe. Kuhusu mwezi alisema una mabonde na ardhi kama yetu, na kwamba mwanga wake ni wa kuazima kutoka kwa jua. Akaeleza pia kwamba unapatwa ukiingia kwenye kivuli cha dunia. Tazama alivyoyatenganisha: mwanga ni jambo moja, kivuli ni jambo lingine. Zaidi ya miaka 2,400 baadaye mimi niliyachanganya, nikalipwa mia mbili.

Athens ilimshtaki kwa kuivunjia miungu heshima. Waandishi wa kale hawakubaliani kuhusu adhabu, wengine wanasema faini na kufukuzwa, wengine wanasema alihukumiwa kifo akiwa ameshaondoka. Wanachokubaliana ni kwamba alimalizia maisha yake Lampsacus, mbali na Athens, akafa karibu mwaka 428 KK. Wengi wanahisi walengwa hasa alikuwa Pericles, na kwamba mwezi ulikuwa kisingizio. Naamini. Siasa ikitaka kumpiga mtu haikosi fimbo.

Lakini stori haikuishia hapo. Mwaka 413 KK jeshi la Athens lilikuwa limekwama Sicily, nje ya mji wa Syracuse. Wameshindwa, wanaugua, wameshakata shauri la kuondoka kimyakimya kwa meli. Usiku wa tarehe 27 Agosti, kila kitu kikiwa tayari, mwezi ukapatwa. Mwezi mpevu, bila shaka. Askari wakaogopa. Jenerali wao, Nicias, ambaye Thucydides anamwelezea kama mtu aliyependa mambo ya ubashiri kupita kiasi, akawasikiliza waganga: msiondoke mpaka zipite siku tisa mara tatu. Siku 27! Walikuwa na adui mbele yao na bahari iliyo wazi nyuma yao, wakaketi.

Watu wa Syracuse hawakungoja. Walizipiga meli za Athens bandarini, wakaufunga mlango wa bandari. Wale waliobaki walijaribu kutoroka kwa miguu, wakauawa njiani au kukamatwa. Nicias alichinjwa. Thucydides anasema waliotekwa hawakupungua 7,000, wakatiwa kwenye machimbo ya mawe bila paa, jua la mchana na baridi ya usiku, wakipewa kikombe kidogo cha maji kwa siku na nafaka kidogo, maiti zikirundikana kando yao.

Plutarch, aliyeandika miaka kama 500 baadaye, ndiye anayeziunganisha hizi habari mbili. Anasema Anaxagoras alikuwa ameshaandika wazi kuhusu mwanga na kivuli cha mwezi, ila maelezo yake yalikuwa bado mageni, yakinong'onwa na wachache kwa tahadhari. Sidai kwamba jeshi lingepona kama Nicias angekisoma kitabu. Walikuwa na matatizo mengine mengi. Lakini jibu lilikuwapo. Kwa mujibu wa Plato, maandishi ya Anaxagoras yaliuzwa sokoni Athens kwa drakma moja tu. Kile kilichokosekana ni watu wa kulisema kwa sauti.

Nitapita haraka waliofuata. Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra karibu mwaka 965 na kuishi Kairo, aliandika risala nzima kuhusu mwanga wa mwezi. Aliuliza swali zuri: kama mwezi unarudisha mwanga kama kioo, mbona hatuoni tu doa moja dogo linalong'aa? Akajibu kwamba kila sehemu iliyomulikwa hutawanya mwanga pande zote, na ndiyo maana tunaona umbo zima la upande wa mchana. Kisha mwaka 1610 Galileo akaelekeza darubini yake kwa Zuhura, akakuta nayo inakuwa hilali, nusu na karibu mviringo kamili. Zuhura kufanya hivyo kulimaanisha inalizunguka jua, si dunia. Na hilo nalo lilimletea shida zake, unazijua.

Nikampigia mjomba wangu, mvuvi huko Kilifi, nione yeye anasemaje. Sikumuuliza kuhusu kivuli, nilimuuliza tu mwezi unamsaidia nini. "Kwani hujui, mwanangu? Ukiandama au ukiwa mpevu, ni bamvua. Ukiwa nusu, maji mafu." Ndiyo sayansi yote hiyo. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, jua, dunia na mwezi vinakaribia kuwa kwenye mstari mmoja, mvuto wa jua unasaidiana na wa mwezi, na maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3 kwenye pwani yetu. Ukiwa nusu, jua na mwezi vinavuta pande tofauti na bahari inapoa. Watu wa pwani waliohesabu siku kwa mwezi, Mfungo Mosi, Mfungo Pili mpaka Ramadhani, walijua daima kwamba umbo la mwezi ni habari ya mahali ulipo ukilinganisha na jua.

Jambo moja linaniudhi kuhusu vitabu vyetu. Hilali imechorwa ikiwa imesimama, kama mabano. Hivyo ndivyo inavyokaribia kuonekana London. Hapa kwetu, karibu na ikweta, mwezi mchanga hulala chali kama mtumbwi, pembe zote mbili juu, kwa sababu jua limezama karibu moja kwa moja chini yake na linaumulika kutoka chini. Mtoto anayeangalia kitabu chake halafu angani ataamini kitabu, atadhani macho yake ndiyo yana makosa.

Basi, Jumamosi. Mama yuko mlangoni, karatasi mkononi. Nilimwambia twende juu kidogo, dakika tano tu. Nikachukua ndimu karibu na sinki. Binti yake akatufuata akikimbia, maana alishajua kinachofuata.

Nusu ya mwezi ilikuwa bado iko upande wa magharibi, ya rangi ya maziwa yaliyotiwa maji, nusu ile nyingine, inayochomoza usiku wa manane na kuonekana mpaka karibu adhuhuri. Jua liko mashariki, juu ya matangi ya maji. Nikamwambia mama anyooshe mkono, aiweke ndimu kando ya mwezi, afumbe jicho moja.

Alinyamaza. Ndimu ilikuwa nusu nyeupe, nusu giza, na mstari wa katikati umeinama vile vile kama wa mwezi. Akageuka kuangalia jua, akarudi kwa ndimu. Akatazama chini, kivuli chake mwenyewe kimelala kwenye saruji katikati ya kamba za nguo.

"Na kivuli cha dunia kiko wapi?" akauliza.

"Chini yetu, mama," akajibu binti. "Huko chini kabisa."

Mama aliishusha ndimu, lakini hakunirudishia. "Basi Jumatatu utaenda nasi shuleni," akasema. "Wewe ndiye utamwambia mwalimu, mimi siwezi kueleza."

Nilipiga hesabu usiku. Jumatatu mwezi utakuwa umepungua na kulisogelea jua, lakini saa mbili asubuhi bado utakuwa juu kabisa angani, kama hakuna mawingu.