Pagazi Hakupewa Kaburi, Akapewa Soko

Ukishuka Posta ukafuata Mtaa wa Samora, utamkuta kwenye mzunguko, bunduki mikononi, singe imeelekea bandarini. Askari huyu wa shaba ni kazi ya mchongaji Mwingereza James Alexander Stevenson, na alizinduliwa mwaka 1927. Watu wa Dar es Salaam humtumia zaidi kwa miadi: tukutane pale Askari. Wanaoinua macho kumtazama usoni ni wachache.

Kabla yake mji ulikuwa na sanamu nyingine. Mwaka 1909 Wajerumani walimsimamisha Hermann von Wissmann, kamanda aliyezima vita vya Abushiri huku pwani. Juu alikaa yeye. Chini, miguuni pake, askari Mwafrika akimwangalia bwana wake. Waingereza walipoutwaa mji Septemba 1916 waliing'oa, na mwishowe ikafika Hamburg, ambako wanafunzi waliiangusha mwaka 1968. Kwa hiyo aliyekuwa miguuni alipanda juu, tena nchi ikiwa bado mikononi mwa wageni. Alipanda bila jina, lakini alipanda.

Mwenzake, pagazi, hakupanda naye. Vita Kuu ya Kwanza huku kwetu ilikwenda kwa miguu: mbung'o walimaliza farasi na ng'ombe, barabara za magari zilikuwa chache mno, basi unga, risasi na hata vipande vya mizinga vikabebwa kichwani. Waingereza peke yao walichukua mapagazi wapatao milioni moja, wengi wao kwa kukamatwa vijijini. Karibu laki moja hawakurudi. Risasi iliua wachache kati yao. Wengine walimalizwa na malaria, nimonia na kuhara damu, na chakula chenyewe kilichangia. Mtu aliyekulia ndizi au wali alipimiwa unga wa mahindi, sufuria hazitoshi, kuni zimelowa, akala ugali nusu mbichi huku amechoka, na kesho yake akatwikwa mzigo tena.

Mwaka 1917 Uingereza iliunda tume ya makaburi ya vita, na kanuni yake ilikuwa nzuri: kila aliyekufa apate jina lake juu ya jiwe, bila kujali cheo wala dini. Ufaransa na Ubelgiji ilifuatwa. Hapa, Horace Byatt, gavana wa kwanza Mwingereza wa Tanganyika, aliona makaburi makubwa ya mapagazi yaachwe yarudi porini upesi. Yakarudi. Aprili 2021 tume hiyohiyo ilitoa ripoti ya kukiri kwamba wafu wa Afrika na Asia hawakutendewa sawa na wengine, na waziri wa ulinzi, Ben Wallace, akaomba radhi bungeni London. Radhi ya namna hiyo ikikufikia baada ya miaka mia moja, unaipokea kwa niaba ya nani?

Tumejifunza kuzika vizuri zaidi. Kaboya, mkoani Kagera, wamelala askari wa JWTZ waliokufa katika vita dhidi ya Idi Amin mwaka 1978 na 1979, kila mmoja na kaburi lake. Na kila Julai 25, Siku ya Mashujaa, Rais huweka mkuki na ngao kwenye mnara, Mkuu wa Majeshi huweka sime, na dua husomwa na viongozi wa dini mbalimbali. Kwa miaka mingi hayo yalifanyika Mnazi Mmoja, Dar es Salaam, kabla ya Dodoma kuanza kuyapokea.

Kutoka Mnazi Mmoja, vuka barabara uingie upande wa pili. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Waingereza waliweka huko kambi ya kikosi cha mapagazi, Carrier Corps. Wenyeji walilitamka jina hilo walivyoweza, likawa Kariakoo. Nairobi likawa Kariokor. Jengo la soko tunalolijua, la msanifu Beda Amuli, lilijengwa miaka ya 1970, likaungua Julai 2021. Jina halikuguswa na moto.

Ingia asubuhi, malori yakishusha. Vijana wanapita mbio, magunia kichwani, shingo zimekaza, wakipiga kelele watu wapishe mzigo.