Chembe za nano: Jinsi metali ndogo zisizoonekana zinavyoudhuru mwani wa maji baridi

KATIKA kila ziwa, mto na bwawa lenye maji baridi, yaani maji yasiyo na chumvi, mnaishi mwani: viumbe wa kijani ambao aghalabu hawaonekani kwa macho matupu. Viumbe hawa ndio msingi wa maisha majini. Huliwa na wadudu wadogo, wadudu nao huliwa na samaki, na samaki huishia katika sahani ya binadamu. Kwa hivyo, chochote kinachoudhuru mwani kinawahusu hata wale ambao hawajawahi kuuona.

Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, wanasayansi wamekuwa wakichunguza tishio moja hususan: chembe ndogo mno za metali zinazotiwa katika nguo, rangi za nyumba, vipodozi na bendeji za vidonda. Chembe hizo huitwa chembe za nano. Swali lao ni rahisi kuuliza lakini gumu kujibu. Je, metali iliyosagwa ikawa ndogo kiasi hicho ni sumu mpya, au ni sumu ile ile ya kale iliyobadilisha vazi? Jibu lina uzito, kwa kuwa ndilo linaloamua iwapo sheria za maji zilizotungwa kwa ajili ya metali za kawaida zinatosha.

CHEMBE ZA NANO NI NINI?

Neno ‘nano’ lina asili ya Kigiriki na humaanisha kibeti. Nanomita moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Chembe huhesabiwa kuwa ya nano iwapo upana wake ni kati ya nanomita 1 na 100. Ili kupata taswira, unywele wa binadamu una upana wa nanomita zipatazo 80,000.

Mwanafizikia Mmarekani, Richard Feynman, alizungumzia uwezekano wa kuunda vitu kwa kupanga atomi mojamoja katika hotuba aliyoitoa mwaka 1959. Mjapani Norio Taniguchi ndiye aliyeipa taaluma hiyo jina la nanoteknolojia mwaka 1974.

Nguvu ya chembe hizi inatokana na udogo wenyewe. Chukua kipande cha metali chenye umbo la dadu, kila upande ukiwa na urefu wa sentimita 1. Eneo la nje la kipande hicho ni sentimita 6 za mraba tu. Ukikikata kuwa vipande vyenye upana wa nanomita 10, uzito utabaki ule ule, lakini jumla ya eneo la nje itafika mita 600 za mraba, zaidi ya ploti ya futi 50 kwa 100. Eneo hilo lote ndilo linalokutana na maji, hewa na viumbe. Ndiyo maana gramu moja ya chembe za nano hufanya kazi ambayo gramu moja ya metali ya kawaida haiwezi.

Viwanda vimeitumia sifa hiyo kwa njia nyingi. Madini ya fedha huua bakteria, kwa hivyo hutiwa katika soksi ili zisinuke na katika bendeji ili vidonda visioze. Oksidi ya zinki na oksidi ya titani huzuia miale mikali ya jua, nazo hupatikana katika mafuta ya kujikinga na jua na katika rangi za kuta. Oksidi ya shaba hutumiwa kuzuia viumbe kuota juu ya mbao na vyombo vya majini.

Vitu hivi havibaki pale vilipotiwa. Mwaka 2008, watafiti Troy Benn na Paul Westerhoff wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona, Marekani, waliosha soksi zilizotiwa fedha na kupima maji yaliyobaki. Baadhi ya soksi zilipoteza takriban fedha yote baada ya kuoshwa mara nne, ilhali nyingine zilipoteza kidogo sana. Mwaka huo huo, watafiti nchini Uswisi walionyesha kwamba mvua huosha chembe za titani kutoka kwenye kuta zilizopakwa rangi na kuzipeleka hadi kwenye vijito. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Kwa mwani, akila chake amo nguoni mwa mwingine.

KIPIMO CHA SAA 72

Usumu wa kitu chochote kwa mwani hupimwa kwa utaratibu unaokubalika kimataifa. Ulio mashuhuri zaidi ni mwongozo nambari 201 wa OECD, shirika la nchi zilizoendelea kiuchumi. Mwongozo huo ulipitishwa mara ya kwanza mwaka 1981 na ukafanyiwa marekebisho mwaka 2006.

Katika kipimo hiki, seli chache za mwani hutiwa katika chupa zenye maji ya virutubisho, zikawekwa mahali penye mwanga usiokatizwa na joto la nyuzi 21 hadi 24. Chupa nyingine huachwa bila sumu, nyingine hutiwa sumu kwa viwango vinavyopanda hatua kwa hatua. Baada ya saa 72, seli huhesabiwa. Katika chupa isiyo na sumu, mwani sharti uwe umeongezeka angalau mara 16, la sivyo jaribio hubatilishwa. Kiwango cha sumu kinachopunguza ukuaji kwa nusu ndicho kinachoandikwa kuwa kipimo cha ukali wake. Kadiri nambari hiyo ilivyo ndogo, ndivyo sumu ilivyo kali.

Mwani unaotumiwa zaidi huitwa Raphidocelis subcapitata. Seli yake imejipinda kama mwezi mwandamo. Aina inayokuzwa katika maabara duniani kote ilitolewa katika mto Nitelva nchini Norway mwaka 1959 na Olav Skulberg. Mwingine ni Chlamydomonas reinhardtii, wenye mikia miwili ya kuogelea.

NJIA ZA MADHARA

Uchunguzi umebainisha njia kadhaa ambazo chembe za metali huudhuru mwani.

Ya kwanza ni kuyeyuka. Chembe ikiwa majini huachilia ioni, yaani atomi za metali zenye chaji ya umeme. Ioni hizo hupenya ndani ya seli na kuvuruga vimeng’enya vinavyoendesha usanisinuru, ile kazi ya kutengeneza chakula kwa mwanga wa jua.

Ya pili ni kuzalisha oksijeni kali. Chembe za titani zinapopigwa na miale ya jua huchochea kutokea kwa aina za oksijeni zinazounguza utando wa seli, mithili ya kutu inavyokula chuma.

Ya tatu ni ya kimaumbile tu. Chembe hugandamana zikawa mafungu, na mafungu hayo huzinasa seli au kuzinyima mwanga. Hapa si kemia ya metali inayoua, bali ni kizuizi.

Je, chembe zenyewe huingia ndani ya seli? Kuta za seli za mwani zina vitundu vyenye upana wa takriban nanomita 5 hadi 20. Chembe kubwa kuliko hapo, pamoja na zile zilizogandamana, hukwama nje. Hata hivyo, chembe iliyokwama ukutani inaweza kuendelea kuachilia ioni papo hapo mlangoni mwa seli.

ZINKI: SUMU ILE ILE

Jibu la kwanza lililo wazi lilitoka Australia mwaka 2007. Natasha Franklin na wenzake walilinganisha vitu vitatu: oksidi ya zinki ya nano, oksidi ya zinki ya kawaida, na chumvi ya zinki inayoyeyuka kikamilifu. Wengi wangetarajia chembe za nano ziwe kali zaidi. Haikuwa hivyo. Vyote vitatu vilipunguza ukuaji wa mwani kwa nusu katika kiwango cha takriban mikrogramu 60 za zinki kwa lita moja ya maji. Maelezo yalikuwa kwamba oksidi ya zinki huyeyuka upesi, na kilichoudhuru mwani ni zinki iliyoyeyuka. Udogo wa chembe haukuongeza neno.

Lakini matokeo hayo hayapasi kumliwaza mtu. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa maji ya kunywa yenye zaidi ya miligramu 3 za zinki kwa lita huenda yasikubalike kwa wanywaji, kwa sababu ya ladha na mwonekano wake. Kiwango hicho ni mara 50 zaidi ya kile kilichousimamisha nusu mwani wa maabara. Maji yanayomfaa binadamu yanaweza kuwa sumu kwa kiumbe anayemlisha samaki wake.

SHABA NA TITANI: UDOGO UNA MATATA

Mwaka 2009, Villem Aruoja na wenzake nchini Estonia walichapisha matokeo yaliyogeuza mambo. Kwa zinki, walikubaliana na wenzao wa Australia. Kwa shaba, tofauti ilikuwa kubwa. Oksidi ya shaba ya kawaida ilihitaji miligramu 11.55 za shaba kwa lita ili kupunguza ukuaji kwa nusu. Oksidi ya shaba ya nano ilihitaji miligramu 0.71 pekee. Kwa maneno mengine, udogo uliifanya kuwa kali takriban mara 16.

Sababu, hata hivyo, ilikuwa ile ile: chembe ndogo ziliachilia ioni nyingi zaidi ambazo mwani ungeweza kuzifyonza. Shaba si adui mgeni. Nchini Marekani, chumvi ya shaba ilipendekezwa rasmi tangu mwaka 1904 kama dawa ya kuua mwani katika mabwawa ya maji.

Kwa titani, ambayo haiyeyuki kwa urahisi, mwani ulipunguzwa kwa nusu na miligramu 5.83 za chembe za nano kwa lita, ikilinganishwa na miligramu 35.9 za chembe za kawaida. Chini ya darubini, watafiti waliona seli zimenaswa ndani ya mafungu ya titani. Hapa basi chembe yenyewe ilikuwa na lawama yake.

FEDHA: FUMBO LENYE PANDE MBILI

Madini ya fedha ndiyo yaliyozua mjadala mrefu zaidi. Mwaka 2008, Enrique Navarro, Renata Behra na wenzao nchini Uswisi waliuweka mwani wa Chlamydomonas katika maji yenye chembe za fedha na kupima usanisinuru wake. Ukihesabu fedha yote iliyomo majini, chumvi ya fedha ilikuwa kali mara 18 kuliko chembe. Lakini ukihesabu ioni peke yake, chembe zilionekana kuwa kali kuliko chumvi, ingawa ioni zilikuwa takriban asilimia 1 tu ya fedha iliyotiwa.

Ili kutegua fumbo hilo, walitia sisteini, kemikali inayozishika ioni za fedha na kuzifunga. Madhara yakatoweka. Hii ilithibitisha kwamba ioni ndizo zinazoua, lakini mwani wenyewe, kwa kugusana na chembe, huzichochea zitoe ioni zaidi. Chembe ilikuwa ghala, na mwani ukalifungua bila kujua.

ZIWA SI CHUPA

Matokeo ya maabara hayawezi kuhamishwa ziwani yalivyo. Maji ya ziwani yana mabaki ya majani yaliyooza, ambayo huzifunika chembe na kuzishika ioni. Maji yenye asidi huyeyusha oksidi ya zinki upesi zaidi. Katika mitambo ya majitaka, fedha huungana na salfa na kuwa kitu kisichoyeyuka kwa urahisi, kisicho kikali sana, ambacho aghalabu huishia katika tope.

Kwa sababu hiyo, watafiti nchini Kanada waliamua kulijaribu ziwa zima. Katika misimu ya kiangazi ya 2014 na 2015, walimimina chembe za fedha katika Ziwa 222, mojawapo ya maziwa ya majaribio katika mkoa wa Ontario. Mwani na viumbe wengine wadogo hawakuporomoka kama chupa za maabara zilivyoashiria. Badala yake, fedha ilijikusanya katika miili ya samaki, na idadi ya samaki aina ya sangara wa manjano ikapungua. Hivyo basi, kuhimili kwa mwani si ushahidi kwamba ziwa liko salama.

Aidha, aina za mwani hazilingani kwa ustahimilivu. Zile dhaifu zikidhoofishwa, zile sugu huchukua nafasi. Hili si jambo dogo kwa ziwa kama Victoria, ambako ngege, samaki wa asili, hutegemea mwani kwa chakula, na ambako wakazi wa pwani ya Kisumu wanajua vyema jinsi maji yanavyobadilika rangi aina moja ya viumbe vya kijani inapotawala.

SHERIA IMEFIKA WAPI?

Sheria nyingi za maji hutaja uzito wa metali kwa lita bila kujali ukubwa wa chembe. Kwa zinki, utaratibu huo unafaa, maadamu usumu unafuata kiasi kilichoyeyuka. Kwa shaba, titani na fedha, unaacha pengo, kwa kuwa miligramu moja ya chembe za nano si sawa na miligramu moja ya chembe za kawaida.

Umoja wa Ulaya ulianza kuliziba pengo hilo Januari 1, 2020, pale kanuni zake za kemikali zilipowalazimu watengenezaji na waagizaji kutoa maelezo mahsusi kuhusu kila umbo la nano la bidhaa zao, ukiwemo ukubwa wa chembe.

Kwa mataifa yanayoagiza nguo, rangi na vipodozi kutoka ng’ambo, funzo ni bayana. Kupima metali mtoni ni lazima, lakini hakutoshi. Sharti pia ijulikane ni nini kilichomo ndani ya bidhaa kabla haijaoshwa, haijanyeshewa na haijafika majini. Chembe na chembe mkate huwa. Na chembe hizi, ndogo kiasi cha kutoonekana, zinakusanyika pale pale samaki anapoanzia chakula chake.