Nani Mwenye Herufi? Historia ya Mashine za Kukatia Maandishi ya Albamu

Mwaka 1879, katika kiwanda cha Robert Gair huko Brooklyn, Marekani, rula ya chuma iliyowekwa ili kutia mikunjo kwenye mifuko ya karatasi ilihama mahali pake ikaanza kukata. Mifuko mingi ikaharibika. Gair, mhamiaji kutoka Scotland, aligundua kutokana na hasara hiyo kwamba mtambo mmoja unaweza kukata na kukunja kwa mkandamizo mmoja, na kwa njia hiyo akaanza kutengeneza maboksi ya kadibodi kwa wingi. Watengeneza viatu nao walikuwa wakikata soli kwa vyuma vyenye umbo la unyayo. Picha za familia hazikuwa kwenye hesabu ya yeyote kati yao.

Karibu miaka 100 baadaye chuma cha kukatia kiliingia shuleni. Mwalimu yeyote aliyewahi kukata KARIBUNI kwenye manila kwa mkasi anaijua shughuli yake: A haifanani na ya jana, na ukimaliza vidole vina malengelenge. LaDorna Eichenberg wa California alikuwa akikata herufi za namna hiyo alipojitolea katika shule ya watoto wake. Mwaka 1977 yeye na mumewe Robert walianzisha kampuni ya Ellison, wakauza mashine iliyokata herufi kwa kuvuta mkono wa chuma.

Kifaa chenyewe hakina ujanja. Wembe mrefu wa chuma hukunjwa kufuata umbo la herufi, hupachikwa kwenye ubao, kisha huzungushiwa sponji ya kusukuma karatasi isinase. Unaupanga ubao na karatasi, hata kadhaa kwa pamoja, unaingiza kwenye mashine, unavuta. Herufi inatoka safi. Ila wembe wa A hukata A tu, ya ukubwa ule ule na mwandiko ule ule. Anayetaka alfabeti nzima hununua mbao 26, na akichoka na mwandiko huo, anunue 26 nyingine. Shule iliweza kuzimudu. Mtu wa nyumbani, kwa shida.

Na watu wa nyumbani ndio waliokuwa wanakuja. Mwaka 1980, kwenye mkutano wa kimataifa wa kumbukumbu uliofanyika Salt Lake City, Marielen Christensen wa Utah alionyesha albamu za familia yake, juzuu 50 hivi, zenye picha, maelezo na mapambo. Mwaka uliofuata familia yake ilifungua duka la vifaa vya kazi hiyo. Utah ni nyumbani kwa Wamormoni, ambao kutunza habari za ukoo kwao ni sehemu ya dini, na sidhani ni bahati tu kwamba kampuni kadhaa za mashine hizi zilichipukia huko. Kila ukurasa ulihitaji kichwa cha habari: jina la mtoto, mwaka, "Safari ya Ziwani". Wenye mwandiko mbaya walitafuta msaada. Mwaka 2001 Ellison ikishirikiana na Provo Craft ya Utah ilitoa Sizzix, mashine ndogo ya kukaa juu ya meza.

Kisha Provo Craft ikaleta mashine ya Cricut, na ubao ukaondoka. Karatasi hubandikwa kwenye mkeka wenye gundi hafifu, magurudumu huivuta mbele na nyuma, na kisu kidogo huchora umbo lolote. Herufi moja iliweza kukatwa kwa urefu wa inchi 1 au zaidi ya 5. Maendeleo, bila shaka. Lakini herufi zenyewe ziliuzwa ndani ya katriji, mwandiko mmoja kwa katriji, kwa hiyo mteja akarudi dukani kama zamani.

Wateja wakatafuta mlango wa nyuma. Programu kama Sure Cuts A Lot na Make the Cut ziliwezesha Cricut kukata mwandiko wowote uliomo kwenye kompyuta. Sasa jina zima liliweza kuunganishwa likatoka kipande kimoja: unasogeza herufi zipandane kidogo, programu inafuta mistari ya ndani, kisu kinapita ukingoni tu. Ubao wa wembe usingeweza hivyo kamwe. Provo Craft ilikwenda mahakamani, ikiwemo kesi ya mwaka 2011 dhidi ya Make the Cut, na programu hizo zikaacha kuihudumia Cricut. Silhouette, mshindani wake, ilikubali miandiko ya kompyuta bila kelele.

Mwaka 2014 mashine ya Cricut Explore iliruhusu miandiko yako mwenyewe, lakini kupitia programu ya kampuni. Machi 2021 kampuni ilitangaza kwamba asiyelipa ada ataingiza kwenye programu hiyo michoro yake 20 tu kwa mwezi. Watu waliokwisha kuinunua mashine kwa fedha zao walikuja juu, na ndani ya siku chache uamuzi ukafutwa. Mwezi huo huo hisa za kampuni zikaingia soko la Nasdaq.

Kwa maoni yangu wateja walikuwa na haki, na ushindi wao ulikuwa nusu, kwa sababu programu bado ni ya kampuni. Ukienda kununua mashine ya aina hii, usiulize bei na kasi pekee. Muulize muuzaji kama itakata siku ambayo kampuni imefunga programu yake. Ubao wa wembe utakata hata kampuni ikifa.