Chapa za Birmingham, damu ya Kaloleni

Mkazi wa Mbotela au Ofafa Jericho hutaja majina ya marehemu kila anapomwelekeza makanga ashukishwe wapi. Tom Mbotela alikuwa makamu wa rais wa chama cha KAU (Kenya African Union). Aliuawa Novemba 1952 karibu na soko la Burma, mwezi mmoja tu baada ya serikali ya kikoloni kutangaza hali ya hatari. Ambrose Ofafa alikuwa diwani wa Nairobi na mweka hazina wa Luo Union. Yeye alipigwa risasi Kaloleni mwaka 1953. Mitaa ya Eastlands ikabaki na majina yao. Silaha za miaka ile nazo zimebaki, nyingine katika makumbusho, nyingine mikononi mwa wakusanyaji ng'ambo, na maandishi pekee yaliyo juu yake ni chapa ndogo ndogo ambazo wengi hudhani ni mikwaruzo.

Bastola iliyojulikana zaidi kiunoni mwa polisi wa makoloni ya Uingereza ilikuwa Webley & Scott, iliyoundwa Birmingham. Undugu wa Webley na polisi ni wa tangu 1868, polisi wa Ireland walipoichagua bastola yake, hata modeli hiyo ikaitwa kwa herufi zao, R.I.C. Polisi hao ndio waliokuwa kielelezo cha vikosi vingi vya makoloni, na kimojawapo, kikosi cha polisi wa Palestina, kilipovunjwa mwaka 1948, baadhi ya maafisa wake walikuja kufanya kazi Kenya. Bastola na watu walifuata njia ileile.

Ukishika Webley Mark IV ya risasi za .38, tazama kwanza ubavuni. Risasi yenye mabawa ni nembo ya kiwanda. Herufi BP, BV au NP zenye taji juu yake ni za ofisi ya Birmingham ambayo tangu 1813 imekuwa ikijaribu silaha kwa baruti nyingi kuliko kawaida kabla hazijauzwa, ili ile dhaifu ipasukie huko na si mkononi mwa mnunuzi. Maneno "WAR FINISH" huwashangaza wengi. Maana yake ni kwamba bastola iliundwa wakati wa Vita Kuu ya Pili, kiwanda kikiwa mbioni, hivyo haikung'arishwa. Kiwanda kilikuwa kinajitetea mapema.

Kisha kuna mshale mpana, alama ya mali ya serikali ya Uingereza. Mishale miwili iliyogusana ncha kwa ncha ina maana kwamba serikali imeiuza na haiimiliki tena. Chapa inayosomeka ".767" pamoja na "3½ TONS" hutatiza hata wazoefu. Ya kwanza ni urefu wa ganda la risasi kwa inchi, ya pili ni shinikizo ambalo silaha imeidhinishiwa. Zilipigwa Uingereza chini ya kanuni za 1954, mara nyingi kwenye silaha za jeshi zilizokuwa zikienda sokoni. Kwa hiyo bastola ya wakati wa vita yenye chapa hizo ilipita tena kwa mkaguzi miaka mingi baada ya kuundwa.

Bastola za Kimarekani nazo ziliingia mkondo huo. Smith & Wesson iliwaundia Waingereza bastola za .38 wakati wa vita, nambari zikianza na herufi V, na nyingi zikapigwa "UNITED STATES PROPERTY" juu. Mtu akiikuta moja katika ghala la zamani la polisi wa koloni la Mwingereza anaweza kudhani iliibwa Marekani. Sivyo. Ilikuja kwa mkataba wa msaada wa vita.

Mtutu pia huacha chapa yake, na hii ndiyo wapelelezi waliyoithamini kuliko zote. Ndani ya mtutu wa Webley kuna mifereji 7 inayozunguka kulia. Smith & Wesson ina 5. Risasi iliyotolewa mwilini au ukutani hubeba alama za mifereji hiyo, na mpelelezi mwenye darubini anaweza kuanza kuondoa bastola moja moja katika orodha yake.

Lakini Nairobi ya hali ya hatari ilikuwa na silaha zisizo na chapa hata moja. Wapiganaji wa Mau Mau walikuwa na silaha chache za kiwandani, nyingi za kuibwa au kutekwa. Machi 26, 1953 walivamia kituo cha polisi cha Naivasha, wakawaachilia wafungwa na kuondoka na bunduki. Zilizobaki ziliundwa na mafundi. Bomba la maji likawa mtutu, komeo la mlango likawa nyundo, mpira wa tyubu ukawa springi. Kwangu mimi hizo zina historia nzito kuliko Webley yoyote iliyong'arishwa, ijapokuwa mnadani hazipati bei hiyo. Baadhi zipo katika makumbusho ya jeshi huko London. Fundi hakuweka jina wala nambari, na alikuwa na sababu: kupatikana na bunduki bila kibali kulikuwa na adhabu ya kifo.

Ili kuwasaka wapiganaji hao na waliowaunga mkono, Aprili 24, 1954 jeshi na polisi waliizingira Nairobi katika Operesheni Anvil chini ya Jenerali George Erskine. Mitaa ya Waafrika ya Eastlands ilipekuliwa nyumba kwa nyumba, na zaidi ya watu 20,000 wakapelekwa kizuizini.

Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, alikamatwa Nyeri mnamo Oktoba 21, 1956 akiwa na bastola ya Webley Scott ya .38 na risasi 6. Hakushtakiwa kwa kuongoza vita msituni. Alishtakiwa kwa kumiliki bastola hiyo na risasi hizo, na kwa hilo Jaji Mkuu Kenneth O'Connor akamhukumu kifo. Alinyongwa Kamiti Februari 18, 1957. Aina ile ya bastola ilikuwa halali kiunoni mwa inspekta, na kitanzi kwa Mwafrika asiye na kibali, ingawa zote zilipita kwa wakaguzi walewale wa Birmingham.

Anayepata bastola kama hiyo leo katika sanduku la babu asiisugue kwa msasa ili chapa zionekane, maana ndivyo zinavyofutika. Wala asikae nayo. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inataka cheti, kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuwaarifu polisi wa kituo cha karibu, iwe Shauri Moyo, Buruburu au Makongeni.